Maksai Ndani ya Mahindi

Kila asubuhi Minza huwanywesha maksai maji kijitoni, ndipo avae sare akimbilie shule. Lakini wiki ile hakutaka hata kulitazama shamba lao. Mvua ya mawe ilikuwa imeshuka kijijini kwao, karibu na Laela, ikayachanachana mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanabeba. Kwao ilisalimika sehemu ndogo tu, kando ya mikaratusi.

Serikali ilitangaza kwamba afisa ugani atapita kukagua. Walioathirika wangepewa mbegu za maharage na mbolea ya ruzuku, wapande upya kabla mvua hazijakatika. Mama yake Minza aliomba usiku na mchana wasirukwe, maana kihengeni palibaki chakula cha kufikia Pasaka tu.

Wakitoka shule, Victor, mtoto wa jirani, alimcheka.

"Ninyi mtaambulia patupu! Mahindi yenu mengine yamesimama kama askari wa gwaride. Nani atawapa msaada?"

"Sasa tufanyeje?"

"Mshikaji, una ng'ombe halafu unauliza tufanyeje? Wafungulie! Mimi ya kwetu nimeshayafyeka kwa panga."

Ushauri wa rika, watoto wangu, una miguu mepesi. Jioni ile mama alikuwa mnadani. Minza akawaingiza maksai kando ya mikaratusi. Aliposikia mabua yakivunjika, krak, krak, ndipo akili ikamrudia: kile kilikuwa chakula chao! Akawachapa, akawatoa mbio. Lakini mistari mingi ilikuwa imekwisha kuliwa.

Kesho yake afisa, Bi Redempta, alianzia kwa kina Victor. Akainua bua moja.

"Mvua ya mawe huchana majani na kuacha majeraha upande ulikotoka upepo. Hili limekatwa kwa panga. Baba Victor, unanidanganya?"

Baba Victor alilipokea bua, akaligeuzageuza mkononi. Victor akatazama vidole vya miguu yake.

Alipofika kwa kina Minza, wanakijiji wakimfuata nyuma, afisa akainama. "Na alama hizi za kwato?"

"Sijui, Bi afisa," mama yake Minza alijibu, naye hakujua kweli. "Labda ng'ombe wa Mzee Mboje, jirani yetu."

"Si tulisema ng'ombe wake wanazurura!" wanakijiji wakadakia. "Huyo mzee atozwe faini!"

Minza alipima moyoni. Angenyamaza, msaada ungepatikana, na Mzee Mboje angelipa kosa lisilo lake. Akajitokeza mbele.

"Shikamoo, Bi afisa. Mama, nisamehe. Ni maksai wetu. Niliwafungulia mimi, ili shamba lionekane limekwisha lote."

Mama akajishika kichwa, "Mayo, mama yangu! Umetumaliza!"

"Hajawamaliza," Bi Redempta alisema. "Walipokula maksai sipahesabu. Palipopigwa na mvua napaona kwa macho yangu, na mtapewa mbegu na mbolea. Ningegundua mnaficha, ningewafuta kabisa."

Hapo Victor naye akakiri kosa lake, huku machozi yakimtoka. Afisa akarudi shambani kwao, akaandika sehemu iliyopigwa na mvua peke yake.

Mbegu zilipofika, majirani Wafipa, wenyeji wa sehemu hizo, waliwaonyesha kina Minza namna ya kuinua matuta ya mviringo na kufukia ndani yake majani pamoja na mabua yaliyochanika, yaoze yawe mbolea. Victor alikuja na jembe lake bila kuitwa. Maharage yakaota, yakatanda, yakazaa hadi watu wa barabarani wakasimama kuyashangaa. Siku ya kuyapura, vigelegele vilisikika mpaka kwa Mzee Mboje, naye akaja na kibuyu cha maziwa ya mgando kumpongeza Minza.

Mama alimketisha binti yake kando ya magunia.

"Mwanangu, leo nacheka, lakini sikia. Kilichoharibiwa na mvua, serikali imetushika mkono. Kile ulichowalisha maksai, nani katurudishia?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna! Msiba wa kujitakia hauna kilio. Shida ikikupata, ieleze kama ilivyo, usiiongezee hata bua moja. Ulinitia hofu siku ile, lakini kinywa chako kilisema kweli, ndiyo maana leo tunashona magunia."