Mama Pindo Apandishiwa Kiti

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuna aliyekunja pindo la suruali kama yeye. Umri ulikuwa umekwenda, lakini macho yake yalikuwa makali, na ulimi pia.

Dada yake aliishi ng'ambo ya soko. Alikuwa amevunjika nyonga, hatoki nje. Mama Pindo alitamani sana kumwona. Baiskeli alikuwa nayo, ila kila akiipanda magoti yaliuma. Sasa ilianikiwa nguo.

"Uzee huo, mama," alisema mwanawe, dereva wa lori. "Nikipata nafasi nitakupeleka."

"Hiyo nafasi yako hata sura yake siijui!"

Jirani yao muuguzi alikuja kuchukua gauni lake. Akaitazama baiskeli.

"Nani alishusha kiti hiki?"

"Mimi," dereva alijibu kwa fahari. "Mama akanyage chini vizuri, asianguke."

"Ulimpenda, kaka, lakini umemuumiza. Kiti kikiwa chini mno, goti linakunjika kupita kiasi. Pedali ikifika chini, mguu uwe karibu kunyooka. Akitaka kusimama, ashuke kwenye kiti."

"Na magari je?"

"Apite njia ya nyuma ya shule, magari ni machache. Avae kofia ngumu na nguo inayoonekana kwa mbali. Breki zikaguliwe. Maumivu yakiendelea, aje zahanati tumpime."

Mama Pindo aliinamisha kichwa. "Watu watanicheka. Bibi mzima juu ya baiskeli!"

"Watatucheka wawili. Nami ninayo yangu."

Dereva alipandisha kiti mwenyewe. Kila jioni wanawake wale walizunguka uwanja wa shule, kwanza kidogo, kisha zaidi. Siku ya kwanza watu walicheka kweli. Baadaye wakawa wanawasalimia tu. Magoti yakatulia.

Siku ya safari ikafika. Muuguzi alitangulia kuonyesha njia. Dereva alisisitiza kuwafuata kwa miguu, eti amlinde mama. Kabla ya kufika sokoni alikuwa ameachwa mbali.

Dada alikuwa amekaa mlangoni. Alipoona nani anashuka kwenye baiskeli, alipiga kelele za furaha.

"Wewe! Umeletwa na nani?"

"Nimejileta!" Mama Pindo alivua kofia, akamkumbatia huku machozi yakimtoka. Kisha akaonyesha barabarani, mwanawe alikokuwa akija akihema, shati limelowa jasho.

"Wa kuletwa ni yule. Mwekee maji."