Mwanahiti Ukutani

Kibwana wa Kwa Mathias shule ilimshinda darasa la tano, lakini kupamba nyumba? Mpishe! Jioni ile alipanda ngazi za ghorofa kule Upanga, suruali yake ya bugaluu ikifagia vumbi, kifurushi kwapani. Juu kabisa, kwa mteja wake Bi Eugenia, mapazia alikwisha kuyatundika, makochi kayapanga kama ofisini kwa waziri. Ukuta wa sebuleni tu ndio ulikuwa mtupu.

Akagonga msumari. Akatundika kinyago kidogo cha mti.

"He! Umekitoa wapi, fundi?"

"Nimekichonga mwenyewe, mama. Mikono hii hii!"

Mwongo mkubwa. Kilikuwa mwanahiti wa mdogo wake Sikudhani, mwali aliyewekwa ndani kwa shangazi yao Biasha, Kisarawe. Mwali hukilea kama mtoto, hukipaka mafuta, hulala nacho. Kikipotea, wazee wanasema, hatazaa. Mchana ule Kibwana alikichomoa ubavuni mwa Sikudhani, binti akiwa usingizini. Pambo tu lile, alijiambia.

Harufu ya mafuta ya nyonyo ikajaa sebule...

Stellamaris, binti pekee wa Bi Eugenia, akatoka chumbani. Hakumsalimu mtu. Akaketi sakafuni, miguu kainyoosha, khanga gubigubi, uso ukutani.

"Stella?"

Kisha mnong'ono. Sauti si yake.

"Kaka... nipe mwanangu."

Kibwana akaijua ile sauti. Sikudhani yule!

"Anamwita nani?" Bi Eugenia alinong'ona. "Huyu hana kaka. Fundi, umeniletea nini humu ndani?"

Neno moja tu lilitakiwa: nimeiba.

"Labda... homa, mama."

Akakinyofoa kinyago, akakisukumia ndani ya shati, akashuka ngazi mbio. Nyuma yake binti hakugeuka.

Kisarawe alifika giza limeingia. Shangazi Biasha alikuwa mlangoni, kibatari mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Afadhali umekuja, baba. Mdogo wako hatumwelewi tangu magharibi. Hata mimi hanitambui. Analia arudishwe ghorofani, kwa mama yake... Eugenia. Unamjua mtu huyo?"

Ndani, mtoto wa watu alilia kwa kwikwi, kwa lafudhi ya mjini.

Kibwana akatazama vidole vya miguu yake.

"Simjui, shangazi."

Ndani ya shati, kinyago kikajigeuza taratibu... kama kichanga anayetafuta ziwa la mama.