Tarakimu Iliyofutika kwenye Lebo ya Uzi

Kila Jumapili jioni mke wa fundi cherehani alimwambia, "Nyoosha mkono, baba." Kisha alimpima urefu wa sweta aliyokuwa anamfumia.

Fundi alimtania. "Mimi nashona suti kwa siku tatu. Wewe sweta moja mwaka mzima!"

Mke alicheka, akaendelea kufuma.

Sasa mke hayupo. Alifariki kabla ya kumaliza. Mkono wa kushoto wa sweta uliishia kwenye kiwiko. Binti yao anaishi mbali, na hupiga simu mara moja kwa wiki. Siku nyingine Fundi haongei na mtu ila wateja, na wateja wanataja vipimo tu. Upweke ulimuuma sana.

"Nitaimaliza mwenyewe," aliamua.

Lakini uzi ulikuwa umekwisha. Alinunua mwingine wa buluu kwa kukadiria. Alipoulinganisha na sweta juani, rangi zilikataana. Ndipo akaikumbuka lebo iliyobaki kwenye kikapu cha marehemu. Lebo ilikuwa na mistari myeusi, na chini yake tarakimu nane. Kila rangi ya uzi ina namba yake. Ila lebo ilikuwa imekunjwakunjwa, na tarakimu ya tano ilikuwa imefutika. Kilichoonekana ni kiduara kidogo cha chini.

"Hii ni nane, hata mtoto anaona," alisema peke yake. Akachukua kalamu, akaandika nane.

Dukani, mashine ilishindwa kusoma mistari iliyochakaa. Muuzaji akaandika namba kwa mkono. Kompyuta ikajibu: "Namba si sahihi."

"Jaribu tena, mwanangu."

"Nimejaribu mara tatu, Mzee. Imekataa. Na uzi wa zamani uko ghalani mpaka Ijumaa tu. Baada ya hapo unarudishwa kiwandani."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Fundi alirudi nyumbani, akaketi kwenye ngazi za jengo. Hakuwa na nguvu ya kupanda.

Jirani wa ghorofa ya juu alikuwa anashuka na mfuko wa taka. Watu walimwita Miwani. Kwa miaka miwili yeye na Fundi walisalimiana "habari" na "nzuri", basi.

"Mzee, unaumwa?"

"Siumwi. Nimekataliwa na kompyuta."

Miwani alicheka. Alipoona uso wa Fundi, aliacha kucheka, akaketi naye. Fundi alimweleza yote.

"Kumbe! Hiyo ndiyo kazi yangu," alisema Miwani. "Mimi nimeandika maktaba ya programu ya kukagua namba kama hizi."

"Maktaba? Yenye vitabu?"

"Hapana. Ni vipande vya programu vilivyo tayari. Waandishi wengine wa programu wanavichukua, hawaanzi upya. Ni kama zile karatasi zako za kukatia kola. Huchori mpya kwa kila mteja."

"Sasa kompyuta inajuaje kwamba namba ina kosa?"

"Tarakimu ya mwisho ni mlinzi. Inatokana na hesabu ya zile saba za mbele. Ukikosea moja, hesabu inakataa. Wewe ulikisia, sivyo?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Niliikoleza kidogo."

"Kidogo! Haya, lete chaki yako."

Miwani aliitazama lebo, akaandika kwenye ngazi: 2 0 4 1 _ 3 5 5.

"Ya kwanza zidisha mara tatu. Ya pili iache ilivyo. Ya tatu mara tatu, ya nne iache. Endelea hivyo mpaka mwisho, kisha jumlisha. Jibu lazima liishie na sifuri."

Fundi alihesabu polepole. Sita, sifuri, kumi na mbili, moja, tatu, kumi na tano, tano. "Arobaini na mbili."

"Iliyofutika ni ya tano, nayo ni mara tatu. Jaribu nane yako."

"Ishirini na nne. Jumla sitini na sita. Imekataa!" Alijaribu nyingine, moja baada ya moja. "Sita mara tatu, kumi na nane. Jumla sitini!"

"Ni sita. Hakuna nyingine inayokubali."

"Basi uzi nimeupata!"

"Taratibu, Mzee. Hesabu inasema namba imeandikwa sawa. Haisemi ghalani kuna nini. Mwambie muuzaji akusomee jina na rangi."

Alhamisi asubuhi muuzaji aliandika namba mpya, akasoma kwa sauti. "Uzi wa sufu, buluu iliyokolea. Yamebaki madonge matatu."

Fundi aliyachukua yote. Aliyalinganisha na sweta juani. Rangi ilikuwa ileile. Tangu siku hiyo hakisii tarakimu, na lebo zake anazitunza kwenye kopo, bila kuzikunja.

Alifuma kwa wiki sita. Vitanzi vyake vilikuwa vikubwa kuliko vya mke wake. Fundi huyu alizoea kufumua suti nzima kwa mshono mmoja uliopinda. Safari hii hakufumua. Kwenye kiwiko ilionekana wazi mahali mke wake alipoishia na yeye alipoanzia.

Jumapili jioni alikaa na sweta mapajani. Hakukuwa na mtu wa kumpima. Alilia. Kisha alifuta uso, akapanda ghorofa ya juu, akabisha hodi.

"Miwani, nisaidie. Sijui kama mkono unatosha."

Miwani alipokea futi ya kupimia. Hakujua lolote kuhusu Jumapili za zamani.

"Nyoosha mkono, Mzee," alisema.

Fundi akaunyoosha.