Kitanda cha Trela ya Verna

Kitendawili!

Nimewasikia mkisema tega. Haya: nina nyumba yangu, ikitembea inapona, ikikaa inaoza.

Si konokono, wewe mwenye haraka. Konokono akikaa analala tu, haozi. Mashua? Hapana. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mji wenu naubeba mpaka kaskazini mwa Indiana, Marekani, kwenye mahindi yasiyo na mwisho, ambako Verna Stoltz amesimama jikoni kwenye kantini ya hospitali, mkono mmoja una mwiko, wa pili una simu, na macho yamemtoka pima.

Ujumbe ulitoka kwa Faye, shoga yake, anayekaa ng'ambo ya barabara na banda la Doyle, mpenzi wake.

“Shoga, mwone mpenzi wako anavyofaidi soseji bila wewe. Hahaha!”

Chini yake kulikuwa na picha. Doyle Kettering kaketi kwenye kiti cha kukunja, soseji kwenye kijiti, moto mbele yake. Verna hakuangalia soseji. Aliangalia kuni. Akaivuta picha kwa vidole viwili mpaka ikajaa kioo. Katikati ya moto kulikuwa na ubao uliopinda kama mgongo wa paka mwenye hasira, na ukingoni una rangi ya kijani hafifu.

Alipiga simu pale pale.

“Doyle.”

“Naam, mpenzi. Umeshatoka kazini?”

“Unachoma nini?”

“Soseji.”

“Nimekuuliza kuni.”

Kwenye simu zilisikika kuni zikipasuka.

“Doyle, huo si ubavu wa trela yangu?”

“Zilikuwa mbao mbovu, Verna. Ukizishika zinamomonyoka kama keki.”

“Nani alinifundisha kwamba kilichooza hakitupwi mpaka kinakiliwe? Nani aliandika USIGUSE juu yake kwa kalamu nyekundu?”

“Mimi.”

“Sasa?”

“Sasa... zimeungua.”

Verna akakata simu. Akamwachia mwenzake sufuria ya supu, akavua aproni, akatoka bila kuaga.

Sasa mjue kwa nini alikasirika hivyo. Ile trela ilikuwa ya mjomba wake, ya mwaka elfu moja mia tisa sitini na mbili, kijumba cha magurudumu, cha mviringo, cha kuvutwa na gari kwenda kupiga kambi. Mjomba aliiegesha nyuma ya ghala akaisahau, mvua ikaingia, ikaanza kuila kwa ndani. Verna, mwanamke wa miaka hamsini na nne, ameachana na mumewe Gary, watoto wakubwa, aliirithi akasema: nitaifufua, na kabla theluji haijaanguka mwaka wa pili nitakuwa jangwani Arizona, naota jua.

Doyle alikuwa fundi mstaafu wa mabasi ya shule, mgane, ana banda kubwa na mikono mizuri. Kiangazi cha kwanza walibandua mabati ya aluminiamu, wakang'oa mbao. Kiangazi hicho hicho wakaanza kupendana, rangi kuukuu imewajaa kwenye nywele. Kiangazi cha pili wakafunga ekseli mpya ya kushika magurudumu, na breki, wakanunua sola ya kuweka juu, na taa za betri. Zikabaki mbavu, zile mbao mbili zilizopinda za ubavuni.

Na mbavu ndizo zinazoshika umbo lote. Hakuna anayeziuza tena. Unalaza ubavu mbovu juu ya plaiwudi mpya, unapitisha penseli kandokando, unakata. Ule uliooza ndio unaoujulisha mpya ukae vipi. Sasa Doyle kachoma wa kushoto, kachoma na wa kulia.

Pikapu ya Verna iliingia uani kwa Doyle ikafyeka ua la waridi. Faye alikuwa keshavuka barabara, mkononi kashika hindi la kuchemsha.

“Shoga, mimi nilikuwa natania tu! Sikujua kama...”

“Faye, kaa pembeni. Wewe, simama!”

Doyle alisimama. Soseji ilikuwa imepoa mkononi mwake.

“Kwa nini?” Verna aliuliza.

Doyle akaangalia majivu.

“Nimekuuliza, bwana! Ulikuwa umelewa?”

“Hapana.”

“Ulikosa kuni? Una rundo la kuni pale la kuchoma mpaka watu wote wa hapa wafe! Umeruka rundo zima, umeingia bandani, umechukua mbavu zangu. Kwa nini?”

“Verna, ningekuambia...”

“Niambie!”

Mtu mzima, mrefu kama mlango, kasimama kama mtoto aliyevunja sahani.

“Sawa,” Verna alisema. “Jumatatu nampigia mtu wa vyuma chakavu. Aje abebe ekseli, abebe mabati, abebe na hiyo sola. Umefurahi?”

“Usifanye hivyo.”

“Usiniamuru! Mwenye kuchoma vitu vya watu hana amri!”

Aliingia bandani akatoka na vitu vyake: keekee ya betri ya kutobolea mbao, mapazia ya manjano aliyoyashona mwenyewe, na mto mpya wa kulalia ambao ulikuwa bado kwenye nailoni. Akavitupa kwenye pikapu. Faye akatafuna hindi taratibu.

“Doyle,” alisema Faye, “nakufahamu tangu tukiwa darasa moja. Hujawahi kuwa mjinga kiasi hiki. Umefanya mazoezi?”

Jioni ile simu ya Verna ililia, ujumbe wa Doyle.

“Nisamehe.”

Akajibu: “Nirudishie mbavu zangu.”

Hakuna kilichorudi. Siku zilizofuata Verna aligonga masufuria kazini mpaka wauguzi wakawa wanachukua chakula bila kusalimia.

Ijumaa Faye akampigia.

“Shoga, umeshawapigia watu wa vyuma?”

“Bado.”

“Kwa hasira zile? Ningekuwa mimi, ingekuwa imeshasagwa.”

“Unataka nini, Faye?”

“Kesho ni ule mkutano wa wenye trela za zamani, kule ziwani. Wanafungua milango watu waingie kuangalia. Nimeona kwenye simu, kuna bibi mmoja ana kama yako, ya mwaka ule ule, nzima kabisa. Mwombe ukachore ubavu kwa ndani. Huna haja ya mwanamume kushika penseli.”

Jumamosi asubuhi Verna alifika ziwani na karatasi kubwa kwapani. Trela zimepangwa chini ya miti, zinang'aa, bendera ndogo zinapepea, watu wanazunguka na vikombe vya kahawa. Ya kijani hafifu aliijua kutoka mbali. Mwenyewe, Bibi Ernestine, mkongwe wa miaka themanini na kitu, alikuwa amekaa mlangoni anakata pai ya tofaa.

“Bibi, shikamoo. Nina trela kama hii, naomba...”

“Kuchora ubavu?”

“Umejuaje?”

“Wa pili wewe leo. Mwenzako kaja kabla sijanywa kahawa. Nimemwambia avue viatu.”

Verna akaangalia chini. Pembeni ya ngazi kulikuwa na buti anazozijua, moja kamba yake ni waya wa umeme.

Akapanda ngazi. Ndani, Doyle alikuwa amejilaza sakafuni, soksi imetoboka kidole gumba, karatasi kaibandika ukutani kwa utepe wa gundi, penseli mdomoni.

“Toka,” alisema Verna.

“Nimebakiza kona ya nyuma.”

“Nimesema toka! Nitamaliza mwenyewe.”

“Kona ya nyuma ndiyo ngumu, Verna.”

“Ugumu ninaujua! Nimeishi na ule ubavu kiangazi chote, ukauchoma ukaulia soseji!”

Mwanamke na mumewe waliokuwa wanatembelea wakachungulia mlangoni.

“Samahani, tunaweza kuona jiko?”

“Subirini!” Verna na Doyle walipiga kelele kwa pamoja.

“Ni sehemu ya maonyesho?” mume akamnong'oneza Bibi Ernestine.

“Leo ndiyo,” bibi akajibu. “Chukueni pai.”

Doyle akainuka, kichwa kikagonga dari. Akakaa kwenye ukingo wa kochi.

“Niulize tena,” alisema.

“Nikuulize nini?”

“Kwa nini.”

“Kwa nini, Doyle? Kwa nini?”

“Kitanda nikate upana gani?”

Verna akakunja uso. “Nini?”

“Viangazi viwili nakuuliza. Verna, kitanda nikate upana gani? Unasema tutaona. Verna, cha mmoja au cha wawili? Unanionyesha kabati la jiko. Nikasema labda anafikiria. Halafu ukaja na mapazia, na mto. Mto mmoja, Verna.”

“Ulikuwa umebaki mmoja dukani!”

“Ungesema!”

“Ungeuliza!”

“Niliuliza!”

“Uliuliza kitanda!”

“Nilikuwa nauliza nini kingine, mwanamke?”

Nje vijiko vikaacha kugonga sahani.

“Kwa hiyo ukachoma,” alisema Verna.

“Nilichoma.”

“Sema vizuri. Bahati mbaya?”

“Makusudi. Mbavu zikikamilika, trela inakamilika. Ikikamilika unaivuta unakwenda. Nilitaka isikamilike. Nilitaka uwe unakuja kila Jumamosi unanigombeza kuhusu misumari.”

“Huo si upendo, Doyle. Huo ni wizi. Umeniibia safari yangu.”

“Najua.”

“Usiniambie najua kwa sauti ya huruma! Unataka kujua kwa nini sikukujibu? Miaka kumi na tisa nimelala na Gary. Yeye katikati, mbwa wake katikati, mimi ukingoni nimejikunja kama kisu cha mfukoni. Siku niliyotoka pale niliapa sijikunji tena kwa ajili ya mwanamume. Kisha unakuja wewe na penseli yako sikioni, unaniuliza upana! Sikuwa nakukataa. Nilikuwa naogopa. Ungengoja!”

“Ningengoja,” alisema Doyle. “Nilishindwa.”

Akageuka, akabandua karatasi ukutani polepole isichanike. Akaikunja, akampa.

“Kona ya nyuma nimeiandikia vipimo. Mpelekee fundi yeyote unayemtaka. Ekseli na sola nitakuletea mpaka kwako. Theluji bado, utawahi. Sitakuuliza tena.”

Akapita mlangoni kwa ubavu, akashuka, akakaa ngazini kuvaa buti. Bibi Ernestine akamsogezea kipande cha pai. Hakukigusa.

Ndani, Verna aliitandaza karatasi juu ya meza. Mistari ilikuwa safi. Mkunjo wa mbele, mkunjo wa paa, dirisha, kabati la jiko, vyote kavichora mahali pake. Nyuma kabisa kulikuwa na vipimo vya kona, lakini pa kitanda alipaacha wazi.

“Penseli,” aliita.

Doyle akageuza kichwa.

“Nimesema nipe penseli! Umekuwa kiziwi pia?”

Akarudi na buti moja mguuni, akampa. Verna akainama, akapima kwa shubiri zake, akapiga mstari mmoja kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka kidogo.

“Cha wawili,” alisema.

Doyle akaupima ule mstari kwa macho. Alipozungumza, fundi ndani yake ndiye aliyetangulia, si mpenzi.

“Kitakula kabati lako la jiko.”

“Kabati langu halipungui hata kidole.”

“Verna, vyote viwili havitoshi. Mimi nina miguu mirefu.”

“Basi safari hii,” alisema Verna, “atakayejikunja ni wewe.”