Nafasi Upande wa Kulia

Mwezi wa tatu wa ndoa yake, Nyanjige alihisi kidole kikimgusa mkononi akiwa amesimama katika swala ya adhuhuri. Nyumbani hakukuwa na mtu. Mumewe Mudathiri, mpima ardhi aliyehamishiwa Lagangabilili kutoka Pangani, alikuwa porini akipima viwanja. Akatazama chini. Mikono yake ilikuwa kifuani, wa kushoto juu ya wa kulia, kama alivyofundishwa. Akajiambia ni jasho.

Kuswali alifundishwa na Mudathiri, si mwingine. Nyanjige alizaliwa kwa Wakatoliki wa Mwamapalala, akasomea ualimu, na siku aliyosema anabadili dini ili aolewe, baba yake aligeuza kiti akampa mgongo. Basi alichosema Mudathiri ndicho alichokijua.

"Kushoto juu, ushike kifundo cha mkono," alimwambia. "Na kulia kwako uache nafasi ya mtu mmoja."

"Ya nani?"

"Ya malaika."

Msikitini alimkataza kwenda. "Subiri uive kwanza, mke wangu. Watakucheka."

Kidole kikawa vidole. Ikaja na harufu, kama karafuu zilizolowa maji zikaoza, na Lagangabilili hiyo hakuna mwenye karafuu. Kisha alasiri moja, jua likiwa bado kali dirishani, aliposujudu alisikia paji jingine la uso likigusa mkeka pembeni yake, na aliposimama nguo nyingine ikachakacha ikisimama naye, na alipofunga mikono kiganja baridi kikatua juu ya vyake, kikabana, kikazidi kubana, mpaka akashindwa kukumbuka aya aliyokuwa anaisoma na akabaki amesimama hivyo, machozi yakimtiririka, akiogopa kugeuza shingo.

Mudathiri aliporudi akamwambia, kwa sauti ya chini, "Kuna mtu anaswali na mimi."

Mumewe hakushtuka. Aliweka kijiko. "Anakushika?"

"Ananishika."

"Kwa nguvu?"

"Mpaka inauma."

Siku hiyo Mudathiri, ambaye tangu waoane hakuwahi kulala saa tatu mfululizo, alilala tangu magharibi hadi jua likachomoza.

Wiki iliyofuata Nyanjige aliitwa semina ya walimu Bariadi. Mchana adhana ikalia karibu, naye akajikuta anawafuata wanawake waliokuwa wanaingia msikitini. Alifunga mikono yake, akaacha nafasi yake. Swala ilipokwisha, mama mmoja mzee, Bi Mwandu, aliyekuwa akiwafundisha wanawake hapo, akamsogelea.

"Mwadila, mayu," akamsalimia Kisukuma. "Nani kakufundisha kufunga mikono hivyo?"

"Mume wangu. Nimekosea?"

"Wa kulia ndio unakaa juu. Mkono peke yake hauharibu swala, wapo hata wanaoachia mikono chini, na ni Waislamu wenzetu. Lakini hiyo nafasi? Nimekuvuta mara mbili usogee, bega kwa bega. Mara zote mbili nimegusa mtu."

Nyanjige akamweleza yote.

Bi Mwandu alimwita Shehe Luhaga. Shehe akaketi nyuma ya pazia, akaanza kusoma Ayatul Kursi. Bi Mwandu akachukua mkono wa kulia wa Nyanjige auweke juu ya wa kushoto. Haukwenda. Walikuja wanawake wengine wawili kusaidia, wakavuta, na shehe akasoma na kurudia, na ile harufu ya karafuu ikajaa chumbani hadi mmoja akatapika, na mdomo wa Nyanjige ukafunguka, ulimi wake mwenyewe ukaanza kusema kwa lafudhi ya pwani ambayo hakuwahi kuwa nayo.

"Msinionee. Mimi nimepewa."

"Na nani?" shehe akauliza.

"Mudathiri. Nilimshika miaka tisa. Alilia, akaniomba nimwachie alale. Nikamwambia niletee mwingine. Akasema atatafuta mbali, mwanamke asiyejua kuswali, amfundishe mwenyewe."

Nyanjige aliyasikia yote yakitoka kinywani mwake. Aliikumbuka siku Mudathiri alipomuuliza, kwa upole sana, kama nyumbani kwao kuna Mwislamu hata mmoja. Alipojibu hakuna, alitabasamu. Yeye alidhani ni mapenzi.

"Toka," shehe akasema.

"Niende wapi?"

"Ulikotoka."

Mkono wa kulia ukanyanyuka, mwepesi, ukatua juu ya wa kushoto. Harufu ikakatika. Nyanjige akalia kwenye mapaja ya Bi Mwandu kama mtoto, na aliyekuwa anamlilia si jini.

Kesho yake saa sita mchana, kaka yake Maige alimpeleka Lagangabilili kwa pikipiki kuchukua nguo na vyeti vyake. Mudathiri alikuwa amekaa barazani. Hakumsalimia. Alitazama nyuma yake, kulia, kushoto.

"Umekuja peke yako?" akanong'ona.

"Na Maige."

"Sisemi Maige."

"Najua unayemsema," Nyanjige akamjibu. "Ungeniambia tu, Mudathiri. Ningekaa na wewe tukaswali wote mpaka akutoke. Mimi nilimwacha baba yangu kwa ajili yako."

Kutoka ndani ya nyumba, ambamo hapakuwa na mtu, sauti ya kike ikamwita, taratibu, kama mke anavyomwita mume wake wa miaka mingi.

"Mudathiri. Wakati umeingia. Njoo tuswali."

Akasimama, akaingia.