Bango Nililolikata Gatina

"Ni nani amekutengenezea hii bango, Kavoi?"

Mpenzi wangu alikuwa amepiga magoti akigongelea mguu wa kochi, misumari miwili mdomoni. Juu ya mlango wa karakana yake mpya hapo Gatina palikuwa pametundikwa bango la turubai la mita tano. KAVOI SOFA. Chini yake picha ya kochi moja la kijani, kisha namba ya simu. Basi.

Kazi yangu ni mabango. Nina kibanda Kibera, karibu na Nyayo Highrise, na kila siku nabishana na wateja wanaotaka picha kumi na mstari wa Biblia kwenye bango moja. Nawaambia mtu akiwa juu ya boda boda ana sekunde tatu tu za kusoma. Hili la Kavoi lilisomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Lilikuwa zuri, na hilo ndilo lililoniuma.

"Ni Mildred," akasema, akitema misumari. "Anaprinti hapa karibu na soko."

"Na mimi huko Kibera nauza omena?"

"Whitney, nilikuomba tangu Februari. Kila wiki unaniambia, ngoja nimalize ya kanisa, ngoja nimalize ya shule. Ningefungua duka bila jina?"

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana nilizidi kukasirika.

Akaingia ndani kuchukua sponji. Simu yake ikawaka juu ya meza. Nikasoma ujumbe wa Mildred.

*Nimepita hapo asubuhi. Bango imependeza. Na mwenyewe pia.*

Juu yake kulikuwa na ujumbe wa Kavoi wa jana: *Asante mrembo. Siku moja nikutoe chai.*

Nikairudisha simu ilipokuwa, nikaaga, nikaenda zangu. Siku tatu nzima nilitengeneza mabango ya watu huku nikiona neno moja tu: mrembo.

Alhamisi asubuhi Kavoi alienda Gikomba kununua mbao. Nikaazima ngazi kwa muuza rangi, nikapanda, nikalipasua bango kwa wembe wangu wa kazi kutoka K hadi A ya mwisho. Watu walipita wakienda kazini na hakuna aliyeniuliza. Mwenye mabango akiwa juu ya ngazi, nani atamshuku?

Saa sita akanipigia.

"Whitney, wamekata bango yangu."

"Nani?"

"Nani kama si Nalianya? Tangu niitundike, wateja wake wanavuka kuja kwangu. Leo atanitambua."

Akakata simu. Nalianya alikuwa mzee muuza makochi wa upande wa pili wa barabara. Nikachukua boda boda hadi Gatina.

Nilikuta watu wamejaa. Makochi mawili ya mzee yalikuwa yametupwa kwenye matope, na Kavoi alikuwa amemshika shati. Vijana waliozunguka walikuwa wakisema apigwe.

"Kijana," mzee alikuwa akisema polepole, "na hili goti langu, ningepanda wapi?"

"Mwachilie," nikasema. "Ni mimi."

Kavoi akageuka. "Wewe nini?"

"Mimi ndiye nilikata. Nilisoma ujumbe wa Mildred."

Mikono yake ikalegea. Mtu mmoja akacheka, watu wakaanza kutawanyika.

"Kwa sababu ya ujumbe," akasema.

"Na kwa sababu alifanya kazi nzuri kuliko mimi."

Kavoi alimwomba mzee msamaha, akainama, akaanza kuyatoa makochi matopeni. Nilipotaka kusaidia akaniambia, "Enda nyumbani, Whitney."

Wiki mbili hakushika simu zangu. Mwishowe nikaenda kwa Mildred mwenyewe. Nilitaka kumchukia, lakini alinipa kiti.

"Nilijua ana mtu," akasema. "Nilijaribu tu. Chai yenyewe hakuwahi kunitoa."

"Nipe ile design yake. Nitaprinti mimi."

Akachukua simu, akanitumia.

Nililiprinti bila kugusa herufi moja, ingawa mkono uliniwasha. Nikalipeleka Gatina. Kavoi akalikunjua sakafuni, akalikagua.

"Hukubadilisha kitu?"

"Hakukuwa na cha kubadilisha."

Akakaa juu ya kochi ambalo halijamaliziwa. "Mimi pia nilikosa. Nilipenda vile alinisikiliza. Wewe ulikuwa umeacha."

"Najua."

Tukalitundika pamoja. Nalianya akavuka barabara akichechemea, akasimama chini ya ngazi.

"Na mimi nitengenezee yangu, msichana. Lakini huo wembe uache Kibera."

Kavoi alicheka kwanza, ndipo nami nikathubutu. Mzee alipoondoka, Kavoi akanishika kiganja.

"Jumapili mama anakuja kutoka Machakos. Nikuambie ukweli, nataka akuone. Sasa nitamwambia wewe ni nani?"

"Mwambie ni yule aliyekata bango."

"Hiyo ndiyo nianze nayo?"

"Anza na hiyo. Akinikubali hivyo, mengine yatakuwa rahisi."

Jumapili nilifika mapema nyumbani kwa Kavoi, na mama yake alinifungulia mlango akiwa tayari anacheka.