Moshi Usio wa Sigara

Fundi seremala alimaliza kulipaka kabati mafuta ya kitani. Mafuta hayo hukauka yakawa gamba gumu linalong'aa. Mkewe, mpenda usafi, akafagia karakana. Matambara ya kupakia, yaliyolowa mafuta, akayashindilia yote ndani ya kasha.

Jioni, harufu ya moshi ikaingia sebuleni.

"Umerudia sigara," mke alisema. Mumewe alikuwa ameapa kuacha kwa ajili ya mtoto wao, ambaye kifua humbana.

"Haki ya Mungu, sijavuta!"

"Basi kabati ndilo linavuta?"

"Nusa mkono wangu."

"Sinusi kitu. Kesho naenda na mwanangu kwa mama."

Dada yake mke, mwalimu wa kemia, alikuwa mgeni wao. "Shemeji ana vituko vyake," alisema, "lakini hii si tumbaku."

Wakaifuata harufu hadi karakanani. Kasha lilikuwa linafuka. Fundi akalimwagia ndoo nzima ya maji.

"Nani kawasha?" mke aliuliza.

"Hakuna," mwalimu alisema. "Matambara yamejipasha joto yenyewe. Molekuli ya mafuta ni atomi zilizoungana, kila kifungo kikishikwa na elektroni mbili. Mafuta haya yakikaa hewani, vifungo vingine hukatika. Kipande kinabaki na elektroni isiyo na mwenzake. Tunakiita radikali. Hakitulii hata kidogo. Kinadaka oksijeni, kisha kinampora jirani atomi ya hidrojeni. Sasa jirani ndiye radikali, naye anamvamia mwingine."

"Kama umbea," fundi alisema.

"Ndiyo, shemeji. Na vifungo vipya vikiundwa, joto hutoka. Kwenye ubao, joto hilo linapotea hewani. Kwenye lundo linabanwa, linazidi, mpaka moto."

Mke aliliangalia kasha.

"Tufanyeje, dada?" aliuliza.

"Yatandaze nje moja moja, mbali na vitu vinavyoshika moto, hadi yakauke kabisa. Au yaloweke kwenye kopo la bati lenye maji, ulifunike. Usiyalundike kamwe."

Siku iliyofuata fundi alipaka meza. Alipomaliza, mkewe aliyachukua matambara akayaanika kwenye waya, kila moja peke yake. Jioni hapakuwa na moshi. Mtoto alilala bila kukohoa.

Mke akaushika mkono wa mumewe, akaunusa.

"Kitani," alisema. "Na jasho. Kaoge."